Turbo Haiponyi Injini

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi asubuhi kwenye gereji yetu hapa Tabata, mbele ya mafundi, madereva na wenye magari waliojaa hadi kwenye uzio. Waliokosa wameomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, na kwenye utani nimebakiza ule unaoandikika.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Kina dada mliosimama huko nyuma, sogeeni, viti vipo hapa mbele na nimehakikisha havina oili.

Kuna swali ninaloulizwa kila wiki. Mtu anaingia na gari, hajazima hata injini, anatoa kichwa dirishani: "Fundi, nataka nguvu. Nifunge turbo au nifungue injini?" Zamani nilikuwa najibu palepale, kwa kuangalia mfuko wake umekaaje. Mbele ya wazee nisidanganye. Siku hizi nina jibu moja: zima gari, fungua boneti, tupime.

Kwa nini? Kwa sababu swali lenyewe limekaa upande. Ni kama mtu anakohoa usiku kucha, asubuhi anakwenda kwa daktari na kuuliza, "Dokta, nitibiwe, au ninunue raba nikakimbie?" Ndugu zangu, kutibiwa ni jambo moja na kukimbia ni jambo jingine. Kufungua injini ni kurudisha nguvu iliyopotea. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ni kuleta nguvu ambayo haikuwepo. Narudia, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea: ovaholi, yaani huko kufungua injini, inarudisha, turbo inaongeza. Sasa wewe unadai kurudishiwa au kuongezewa? Unajua?

Tuanze na kurudishiwa.

Kuna mzee mmoja alikuwa na Hiace, injini 3L, ile dizeli ya zamani isiyo na turbo. Ilikuwa daladala, baadaye akaitoa barabarani akawa anabebea mizigo. Gari lilikuwa halivuti. Kilima cha Kimara kilikuwa kinampandisha kwa gia ya pili, na nyuma anaacha wingu la moshi kama anafukiza mbu. Akaniambia, "Mwanangu, nimechoka, nifungie turbo." Nikapima kompresheni. Silinda ya kwanza kilo 29, ya pili 28, ya tatu 19, ya nne 17. Mafundi mmenielewa. Wasio mafundi niwaeleze: injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inawasha dizeli kwa kuibana hewa mpaka ichemke. Silinda isiyobana haichemshi, na isiyochemsha haiwashi vizuri. Mzee alikuwa na silinda nne kwenye karatasi, lakini barabarani zilikuwa zinafanya kazi mbili na nusu.

Tukafungua. Nikamwita aje aone mwenyewe, maana mteja akiona kwa macho yake hata bei anailipa bila kununa. Nikamwambia, "Mzee, ingiza kidole kwenye silinda, pandisha ukucha taratibu kutoka chini kwenda juu." Akapandisha. Karibu na mdomo wa silinda, ukucha ukakwama. Pale pana ngazi. Ringi za pistoni zimesugua ukuta miaka yote, lakini hazifiki juu kabisa, kwa hiyo kule juu chuma kimebaki kama kilivyotoka kiwandani na huku chini kimeliwa. Mzee akarudia mara tatu. Akaniuliza, "Hiki ndicho kinachokula mafuta yangu?" Nikamwambia ndicho hicho.

Bloku, kile chuma chenye silinda, ikaenda kwa mchongaji, mtaa wa Gerezani. Yule mchongaji mimi namheshimu kuliko mafundi wengi wenye maneno, kwa sababu haongei, anapima. Anapima silinda juu, katikati, chini. Anageuza kipimo, anapima tena. Akatoa nusu milimita, tukaweka pistoni za ovasaizi 0.50, yaani nene kwa hiyo nusu milimita, na ringi zake. Kabla ya kufunga, kila ringi tukaiingiza peke yake ndani ya silinda yake na kupima ule mwanya wa ncha mbili kwa filagegi, vile vijibati vya kupimia mwanya. Vijana wa siku hizi hatua hiyo mnairuka. Mnatoa ringi kwenye boksi, mnapachika, mnasema "ni saizi". Nani kakwambia? Boksi?

Gari lilipotoka, mzee aliendesha mpaka Kibaha na kurudi, akaja kunikumbatia. "Umeniongezea nguvu!" Sikumbishia, lakini ninyi nawaambia ukweli. Sikumwongezea kitu. Injini ya 3L ina silinda za upana wa milimita 96, ujazo wake 2,779 cc. Ukiongeza nusu milimita, ujazo unakuwa kama 2,808. Nimemwongezea cc 29 kwa silinda zote nne. Vijiko sita vya chai! Hiyo ni asilimia moja tu, kwa injini ile haifiki hata nguvu ya farasi mmoja. Farasi waliorudi walikuwa wake siku zote, walikuwa wanatorokea kwenye ringi zilizokwisha.

Kwa hiyo fundi akikwambia "nikikuchongea ovasaizi gari litakuwa na nguvu kuliko lilipotoka kiwandani", mwulize kwa heshima: vijiko vingapi?

Sasa njoo kwenye kuongezewa. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliungua.

Injini inakula nini? Wengi mtasema mafuta. Mafuta ni chumvi tu, ugali wenyewe ni hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukiigeuza kuwa lita, kwa hewa yetu ya Dar, lita moja ya petroli inataka zaidi ya lita 9,000 za hewa. Hizo ni simtanki tisa za lita elfu moja, kwa kichupa kimoja cha petroli! Kumwaga mafuta mengi ndani ya injini ni kazi rahisi, skrubu moja tu inatosha. Kazi ni kuingiza simtanki tisa.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa mapafu yake, na inayoisukuma hewa hiyo ndani ni uzito wa hewa ya dunia, ambao hapa pwani ni kama baa moja. Baa ya kipimo, si ile mnayoijua. Akatokea mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, akatazama moshi unaotoka na kuona mali inatupwa. Na ni kweli inatupwa, karibu theluthi ya joto la mafuta unayonunua inaondoka na bomba la moshi. Mwaka 1905 akasajili hataza ya wazo lake: moshi uzungushe feni, feni hiyo ishikane kwa mhimili mmoja na feni nyingine, na ya pili isukume hewa ndani ya injini. Miaka ishirini ilipita kabla hajaifanya injini ya dizeli itoe kama asilimia 40 zaidi kwa njia hiyo. Ishirini! Na wewe unataka ikamilike kabla ya Ijumaa.

Hesabu yake inavutia kweli. Ukisukuma nusu baa juu ya ile ya dunia, umeingiza hewa mara moja na nusu. Kijana anapiga hesabu haraka: farasi mia watakuwa mia na hamsini. Mbona rahisi!

Lakini hewa ukiibana inachemka, ni uleule moto unaowasha dizeli. Chukua hewa ya Dar ya saa nane mchana, nyuzi 32, ibane kwa turbo ya kawaida mpaka nusu baa juu. Inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 80 na kitu. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ile mara moja na nusu yako imeshapungua kabla haijafika kwenye silinda. Ndiyo maana kuna intakula, lile rejeta la hewa linalokaa mbele. Na ndiyo maana mtu akiniambia "turbo ninayo, intakula nitaweka baadaye", namwambia na mimi nitaifunga baadaye.

Haya, niwape kisa changu. Mwaka 2007 alikuja mfanyabiashara na Land Cruiser pikapu, injini 1HZ. Mnaijua: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, inakufa baada ya mwenye gari. Alikuwa anapeleka mizigo Makambako na kurudi, na alichoshwa na kupitwa na kila mtu milimani. Akaniletea turbo ya mtumba, nzuri, haichezi kwenye mhimili. Nikasikiliza injini, sauti safi. Nikaangalia moshi, hauna shida. Kompresheni nilipima? Sikupima. Kipima joto cha moshi niliweka? Sikuweka, alisema kinaongeza gharama na mimi nikakubali haraka mno. Nikafunga turbo, nikafungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke kidogo. Tukatoka kwenda Mbezi kujaribu, ndugu zangu, lile gari lilikuwa linaruka! Nikajiona mhandisi. Nilimwambia mke wangu jioni ile kwamba sasa nimefika.

Siku ya tano simu inaita. "Fundi, niko Kitonga."

Wanaoijua Kitonga wameshaelewa. Ile barabara ya kwenda Iringa si ya kujaribu mambo: mlima umekatwa ubavuni, kona juu ya kona, malori yamepangana yanatambaa. Alikuwa na tani ya mzigo, jua la saa saba, amekanyaga mpaka chini kwa dakika nyingi bila kupumzika. Hapa mjini huwezi kukanyaga hivyo hata dakika moja, kuna taa, kuna bodaboda, kuna trafiki. Ndiyo maana Mbezi gari liliruka na Kitonga likalala.

Nilipanda basi Ubungo usiku. Tukalivuta mpaka Iringa mjini, tukafungua hedi kwenye gereji ya watu. Silinda ya nne, pistoni imetoboka. Sisemi imepasuka, nasema imetoboka, kingo za tundu zimelainika kama mshumaa ulioachwa karibu na jiko. Niliingiza kidole changu hiki kwenye lile tundu, nikakitoa kwa upande wa chini. Mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu, hakusema neno. Angenitukana ningejisikia afadhali.

Nini kilitokea? Dizeli ikizidi hewa, moshi unakuwa mweusi na moto unapanda. Mafundi wengi wa dizeli hawapendi joto la moshi kabla ya turbo lipite nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu. Sisi tulipita ngapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu kipimo tulikihesabu ni gharama. Kisha ile 1HZ inabana hewa mpaka ujazo wake upungue zaidi ya mara 22. Toyota wenyewe walipotaka Land Cruiser ya lita 4.2 yenye turbo, walichukua 1HZ wakaipachika turbo? Hawakufanya hivyo. Walitengeneza 1HD-T, injini nyingine, inayobana mara 18 na kitu, na jinsi dizeli inavyoingia kwenye silinda wakaibadilisha kabisa. Watu wenye kiwanda walibadilisha injini nzima, mimi wa Tabata nikabadilisha skrubu.

Gharama ya injini ile nililipa mimi. Ilinichukua mwaka na miezi. Siwaambii ili mnionee huruma, nawaambia ili mjue ada yangu ya shule ilikuwa kiasi gani, na ninyi leo mmeingia bure.

Nisiwe mchoyo wa haki. Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ na magari yanatembea miaka. Nimeyaona na nimeyagusa. Wamesukuma hewa kidogo tu, wameweka intakula, wana geji mbili kwenye dashibodi na wanaziangalia. Zaidi ya yote, walianza na injini nzima. Turbo ni kama mkopo. Kwa mwenye biashara inayotembea, mkopo unamnyanyua. Kwa aliyeishiwa, ni kausha damu.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Unasema hiyo ni dizeli, vijana wana petroli. Sawa mzee, twende kwenye petroli, huko ni pabaya zaidi.

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari linaitwa Jetfire, moja ya magari mawili ya kwanza ya watu binafsi kuuzwa yakiwa na turbo. Injini yake V8 ya alumini, lita 3.5, farasi 215. Tatizo lilikuwa moja: waliacha injini ibane sana, 10.25 kwa 1, halafu wakaongeza turbo juu yake. Petroli ikibanwa na kuchemshwa kupita kiasi hailipuki kwa zamu yake. Inajilipukia yenyewe, unasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Oldsmobile walilijua hilo, kwa hiyo wakaweka chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli, yanarushwa ndani kupoza. Mwenye gari kazi yake ni kujaza chupa tu. Unadhani watu walijaza? Binadamu ni binadamu. Chupa zikakauka, mfumo ukawa unazuia nguvu ili kuokoa injini, malalamiko yakajaa. Mwaka 1965 kampuni ikawaambia wenye magari: leteni, tunawatolea turbo bure na kuwawekea kabureta ya kawaida.

Hao ni kiwanda kikubwa, wana wahandisi na maabara. Injini yao ilibana 10.25. Sasa IST yako, Vitz yako, Raum yako, zile zenye 1NZ ya cc 1,500, zinabana ngapi? 10.5. Umeelewa ninakokwenda? Na wewe huna hata ile chupa.

Angalia Toyota hao hao walivyofanya. 1JZ isiyo na turbo inabana 10 kwa 1. Ndugu yake yenye turbo, toleo la mwanzo, 8.5. Walishusha kwanza, ndipo wakasukuma. Kwa hiyo ukitaka turbo ya kweli kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo, utaifungua tu, upende usipende: pistoni nyingine, gasketi ya hedi inayovumilia, nozeli kubwa, pampu ya mafuta inayotosha, kompyuta iandikwe upya na mtu anayejua anachoandika. Swali la "turbo au ovaholi" limejifia lenyewe hapo. Umelipa vyote viwili. Na kwa uzoefu wangu, katika shilingi kumi za kazi hiyo ikifanywa vizuri, turbo yenyewe haifiki hata shilingi tatu.

"Basi fundi, nitaacha turbo, nitaijenga injini kwa mapafu yake." Inawezekana, na mimi napenda injini hizo, zinaimba. Lakini jua unachonunua. Mfano upo barabarani mwetu kila siku. Altezza ile RS200 ya gia ya mkono na Caldina GT-T, zote zina injini ya ukoo wa 3S, zote lita mbili. Ya Altezza haina turbo: inabana 11.5, inatoa farasi 210, lakini ili uwaone wote lazima uifikishe mizunguko 7,600 kwa dakika. Caldina ina turbo: inabana 9, inatoa farasi 260 kwenye mizunguko 6,200, na nguvu ya kuvuta inaizidi Altezza mara moja na nusu. Mwenye Altezza anapata raha yake kwenye mizunguko ya juu kabisa. Jamani, Mandela Road saa kumi na moja jioni, mizunguko 7,600 utaipatia wapi? Farasi wote wamelala, wewe umekaa unanunua karanga.

Ndiyo maana kijana mwenye akili na hamu ya kweli huwa namshauri njia ya tatu: tafuta injini iliyozaliwa na turbo, kamili, na waya zake na kompyuta yake, iingie mahali pa ile ya zamani. Iliyozaliwa nayo imeshaandaliwa kuanzia oili na maji mpaka pistoni. Ila breki nazo zipande, gia boksi ihimili, na ukabadilishe namba ya injini kwenye kadi ya gari, usije ukasimamishwa ukaanza kujing'ata. Na ukiifungua ukakuta mtumba wako umechoka, unarudi palepale kwa mchongaji wa Gerezani.

Nani basi anahitaji turbo hasa? Anayepanda. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, hewa nzito, injini inashiba. Ukifika Mbeya, kama mita 1,700 juu, uzito wa hewa umebaki kama asilimia 82 ya huu wa hapa. Injini isiyo na turbo inafika kule imeshapoteza zaidi ya sehemu moja katika sita, na hakuna fundi aliyeigusa. Madereva wa nyanda za juu wanasema "gari limeingia uvivu". Halijaingia uvivu, lina njaa. Turbo inaziba pengo hilo, na ndiyo maana huwezi kuona lori jipya la masafa lisilo nayo.

Kwa walio nayo tayari, neno moja la matunzo, maana naona wengi mnaua. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Pangaboi la sebuleni kwako, hata ulifungulie mpaka mwisho, ni mia tatu hivi. Mhimili ule umebebwa na utando wa oili tu. Umetoka mbio, umefika, unazima papo hapo: oili inasimama, chuma bado kina moto, oili inaungulia mlemle inakuwa makaa. Ukishuka mlimani au ukitoka mwendo mkali, iache ingurume dakika moja mbili. Salimia watu kwanza. Na filta ya hewa usiipige-pige ukutani na kuirudisha, kila punje ya vumbi inayopita inakwenda kulamba lile feni.

Wiki iliyopita kijana kaniletea IST. Ana pesa taslimu, kaziweka mezani, anataka turbo, ameona video. Nikamwambia rudisha pesa mfukoni. Nikapima kompresheni, silinda zote nne zimekaribiana, injini nzima kabisa. Nikachomoa filta ya hewa: nyeusi, ina majani, ina unyoya wa kuku. Plagi mwanya umetanuka, ncha zimeliwa. Nikaenda nyuma, nikaweka kiganja kwenye bomba la moshi huku mwenzangu akikanyaga. Pumzi inatoka kama mtu anayepuliza chai. Lile sega la kusafisha moshi lilikuwa limevunjika ndani na kuziba njia. Gari lilikuwa haliingizi hewa wala halitoi, halafu mtu anataka alisukumie nyingine!

Tukabadilisha hivyo vitatu. Alipolijaribu kuelekea Segerea alinipigia simu akiwa njiani, nikamwambia kata simu, shika usukani kwa mikono miwili. Karudi anacheka. Pesa nyingi imebaki mfukoni. Akaniuliza, "Kwa hiyo turbo basi?" Nikamwambia, sasa ndiyo unaweza kuanza kuuliza.

Nimeongea vya kutosha na jua limeshapanda. Kipimo cha kompresheni nimekuja nacho, kimo kwenye lile boksi jekundu, cha petroli na cha dizeli. Nitapima gari lolote lililopo hapa, bure, mpaka adhuhuri, na kila namba tutaiandika kwa chaki kwenye ubao mbele ya watu wote, kwa hiyo mwenye aibu aondoke sasa. Tuanze na ile Noah ya kijivu pale getini. Ya nani? Dada, ni yako? Lete ufunguo, tuchomoe plagi ingali moto.